Chuma cha Katoo Kwenye Lori la Anga

Celine Mwanzia alikuwa na sheria moja tu ya uchoraji, na hakuna mwalimu aliyemfundisha: wino wa biki haufutiki. Penseli ni ya watu wenye muda wa kujuta. Ukikosea kwa biki, kosa ni lako kama mtoto alivyo wako. Lilee mpaka likue na faida. Tone la wino likidondoka kwenye paji la uso la rubani, usikunje karatasi. Mpe rubani kovu, halafu kaa ufikirie ni nani aliyempiga.

Sheria hiyo aliianza mwaka wa 1996, akiwa na miaka kumi, familia yao ilipohama kutoka Kitui kuja Kitengela, baba yake akifuata kazi ya kiwanda cha simiti. Wenzake wakinunuliwa vitabu vya kuchorea, yeye baba alimletea karatasi ya ndani ya mifuko ya simiti, ile ya kahawia, ngumu kama neno la mama mkwe. Karatasi hiyo haina huruma. Ukiisugua na kifutio inatoboka, na kama ulikuwa unachora mwezi, umetoboa mwezi. Basi mtoto akajifunza kuishi na mwezi wenye tundu.

Kufikia mwaka wa 2009 mtoto huyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa ameajiriwa katika saiba, duka la intaneti, ya Nick Katoo, upande ule wa barabara ambao vumbi la matrela hupenda kupumzikia. Nick alikuwa amepewa na baba yake kiwanja kinachotosha ndama wawili, akapanda kompyuta sita. Celine aliwachapia wasichana wa viwanda vya nguo barua za kuomba kazi, akachapa kadi za kamati za harusi, na Oktoba ikifika aliwajazia watu fomu za bahati nasibu ya kwenda Amerika, akiwaambia wanyooshe shingo kwenye picha kwa sababu Mmarekani hapendi mtu aliyeinama. Kati ya mteja na mteja, alichora. Alichora nyuma ya karatasi zilizoharibiwa na printa, ndiyo maana shujaa wake, ukimwinua kwenye mwanga, alikuwa amebeba mgongoni wasifu wa kazi wa mtu wa Embulbul.

Hadithi yenyewe iliitwa "Malisho ya Mbali". Ni mwaka wa 2109, nyasi zimeisha duniani, na wafugaji wanasafirisha ng'ombe kwenda kwenye miezi ya Mshtarii kutafuta majani. Shujaa ni msichana anayeitwa Syombua, dereva wa lori la anga. Kila Jumatatu Nick aliupitisha ukurasa mmoja kwenye skana na kuuweka kwenye mtandao, katika blogu aliyoifungua mwenyewe na ambayo pasiwadi yake aliijua yeye peke yake. Watu kama mia sita walikuwa wakiusoma, wengi wao Wakenya walio kwenye baridi za ng'ambo, wanaolia wakiona picha ya vumbi.

Mwanzoni chombo cha Syombua kilikuwa chembamba, kinang'aa, kama vile vya kwenye kanda za video vinavyoonekana vinaelekea harusini. Nick alikiangalia kwa muda.

"Ni kizuri," alisema. "Sasa ng'ombe wanapandia wapi?"

Celine hakuwa amelifikiria hilo. Alitoka nje akasimama barabarani, na kabla ya dakika kumi lilipita lori la mifugo: mbao kando, turubai juu, na taniboi, utingo wake, amening'inia nyuma kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akarudi akalichora hivyo hivyo, akaliondolea magurudumu. Taniboi akawa roboti. Ng'ombe akawavalisha mitungi ya lita tano iliyokatwa, ili wapumue. Mama yake alipoona ukurasa huo aliuliza, "Mwiitu wakwa, binti yangu, na hawa wanakulaje na mtungi mdomoni?" Celine akarudi akaiwekea mitungi vifuniko vinavyofunguka mdomoni. Hivyo ndivyo sayansi inavyoendelea.

Mambo mengine aliamuliwa na umaskini wa vifaa, halafu wasomaji wakamsifu yeye. Anga la "Malisho ya Mbali" ni jeupe. Si jeusi, ni jeupe pe, kama Kajiado saa saba mchana. Sababu ni kwamba picha yenye weusi mwingi ilichukua dakika tisa kupanda mtandaoni, na mwaka huo stima ilikuwa ya mgao. Ukiianzisha picha saa tano na nusu unaweza kuimaliza kesho kutwa. Picha nyeupe ilipanda kwa dakika nne. Msomaji mmoja wa Minnesota aliandika kwamba weupe ule ulimfanya ahisi ukame hadi kwenye meno. Celine alimjibu kwa neno moja, asante, akanyamaza kama mtu aliyeokota pesa njiani.

Skana nayo ilikuwa na ufa wa kioo upande wa kushoto, na ufa huo ulitokea kwenye kila ukurasa. Akauchukua. Kisanduku cha kwanza cha kila ukurasa kikawa dirisha la lori, na dirisha likawa na ufa, na Syombua akawa dereva ambaye kila wiki anaahidi kubadilisha kioo.

Maadui walihitaji alama. Hilo lilikuwa jambo la hadithi yenyewe, si la vifaa. Wezi wa angani wamechukua mifugo ya baba yake Syombua, yeye hajawaona sura, anachojua ni alama iliyo kwenye mlango wa lori lao, inayojichapa vumbini kila mlango unaposhushwa. Anaifuata alama hiyo kutoka mwezi hadi mwezi. Celine alijaribu mafuvu, akajaribu radi, akajaribu nyoka. Vyote vilifanana na fulana za mitumba. Halafu siku moja ya Januari ng'ombe mmoja mwenye njaa alisimama mlangoni pa saiba akaanza kula boksi la karatasi za printa. Celine alitoka kumfukuza na fagio, akaona kwenye paja lake alama iliyochomwa kwa chuma: mwezi mchanga uliopinduliwa, mstari mmoja ukiukata katikati, na nukta moja nyuma yake. Ilikuwa nzuri namna ya kutisha. Hakuna mtu wa duniani angebuni kitu kama kile, alijiambia, akasahau kwamba ng'ombe yule hakutoka Mshtarii.

Akamwacha ng'ombe amalize boksi, akainakili alama.

Kurasa arobaini na tatu zilipita. Nick alizipandisha zote, na nakala akazibandika ukutani mwa saiba ili mteja anayesubiri asiondoke.

*

Mzee Katoo, baba yake Nick, hakuwapo mwaka huo wa ukame. Alikuwa ameondoka Machi na ng'ombe wake themanini kwenda kuchungia upande wa Kilimanjaro, na alirudi Novemba na ishirini na sita. Watu waliompokea walimsalimu kwa sauti ya matangani. Wiki moja baada ya kurudi, Alhamisi mchana, aliingia saiba na fimbo yake, shuka yake, na viatu vya tairi vilivyokwisha upande mmoja.

"Takwenya," alimsalimu Celine kwa Kimaasai.

"Iko," Celine akajibu, maana miaka kumi na mitatu Kitengela inatosha kujua hilo.

Mzee hakukaa. Alitembea kando ya ukuta taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama anakagua ng'ombe mnadani. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Nani amechora hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Na hawa watu wako ndani ya hii lori ni watu gani?"

"Hao ni wezi wa mifugo."

"Wezi."

"Wezi wabaya sana," alisema Celine, akidhani anaombwa hadithi. "Hata ndama hawaachi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akamwita mwanawe kutoka kwenye chumba cha nyuma. "Nick. Hii kitu kwa mlango wa hii lori ni nini?"

"Hiyo ni nembo ya wezi, baba."

Mzee hakubisha. Alimshika kijana wake kwenye mkono wa shati akampeleka mlangoni. Ng'ambo ya barabara ng'ombe wake walikuwa wakiokota majani yaliyoanza kuchipua kando ya mtaro. Akanyoosha fimbo kwenye paja la aliyekuwa karibu.

"Soma."

Nick alisoma. Aliangalia paja, akageuka akaangalia ukuta, akarudi kwenye paja. Masikio yake yaliiva.

"Hiyo ni olmishire yangu, chapa ya ng'ombe wangu," mzee alisema. "Na ilikuwa ya baba yangu. Chuma yenyewe iko nyumbani, juu ya mlango. Shemeji yangu wa Magadi amenipigia simu. Yeye iko na kompyuta kwa ofisi. Ananiuliza nimeanza kuiba lini, na mbona sikumwambia tuende pamoja."

Celine aliinuka kutoka kwenye kiti. "Mzee, mimi sikujua. Niliona tu kwa ng'ombe, nikaona ni maridadi."

"Wewe ni Mkamba, siwezi kukasirika. Mkamba akiona ng'ombe haangalii paja, anaangalia nyama."

"Na nyinyi mkija kwetu kutuibia mlikuwa mnaangalia nini, mzee?" Swali lilimtoka kabla hajafunga mdomo.

Mzee alimgeukia. Ndipo Celine alipoona kwamba jino moja la mbele halipo, kwa sababu mzee alikuwa karibu kutabasamu.

"Sisi hatukuiba. Ng'ombe wote Mungu alitupa sisi. Tulikuwa tunarudisha nyumbani."

"Hata hawa wako angani?"

"Mungu alisema wote." Kisha tabasamu likaenda zake. "Wewe hukujua. Lakini huyu wangu ametuma chuma ya baba yake kwa dunia mara arobaini na tatu, na hajui ni ya nani. Mimi niko Kilimanjaro nazika ng'ombe, yeye iko hapa ananifanya mwizi." Alichukua fimbo yake. "Jumatatu nitatoka mnada wa Kajiado nipitie hapa. Nikiona hiyo alama bado, Nick, utafuta yote."

Alipoondoka, mteja mmoja akauliza kama bado anahesabiwa dakika.

"Utafuta?" Celine aliuliza.

Nick alikuwa anaangalia kibodi kama imemtusi. "Celine, baba hajawahi kuniomba kitu tangu niuze wale ndama alinipa ninunue kompyuta. Kitu ya kwanza anaomba ni hii."

"Kwa hivyo utafuta."

"Nitafuta," alisema Nick. "Lakini leo ni Alhamisi."

*

Ijumaa Celine alifanya kile alichoapa tangu utotoni kutokifanya: alifuta. Alifungua picha moja moja kwenye kompyuta akasugua alama kwa kipanya mpaka mlango wa lori ukabaki mtupu. Ilikuwa kama kung'oa meno ya mtu aliyelala. Lori la wezi, bila alama, lilifanana na lori la kabichi. Na Syombua, ambaye kwa kurasa thelathini na saba alikuwa akiinama juu ya vumbi la miezi na kusema, "Walipita hapa," sasa alikuwa anainama juu ya vumbi tupu, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alitumwa nini. Stima ilipokatika alikuwa amemaliza kurasa tatu, na zote tatu alizichukia.

"Weka alama ingine," alisema Nick. "Buni. Wewe si msanii?"

Akabuni. Usiku ule kabla ya kulala na asubuhi baada ya chai alibuni alama kumi na mbili, kila moja mpya kabisa. Jumamosi wakaenda pamoja nyumbani kwa kina Katoo, ndani kidogo kutoka barabara ya Kajiado, ili mzee azipitishe. Nick ndiye aliyesema waende. Alisema hawezi kuzipitisha yeye, kwa sababu imeshajulikana kwamba yeye ni kipofu.

Mama yake Nick, Naisenya, aliwapa chai yenye maziwa mengi kuliko walivyostahili mwaka huo. Mzee aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaweka karatasi kwenye goti.

"Hii," alisema akigonga alama ya kwanza, "ni ya watu wa Ole Nkuruna."

"Nimeibuni jana, mzee."

"Wao walibuni zamani." Akagonga ya pili. "Hii ni ya mtu mmoja wa Ngong. Alikufa lakini watoto wako. Wakali." Ya tatu. "Hii ni ya mission. Walikuwa na ng'ombe kumi na nne." Ya nne akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Hii ni ya kina Naisenya."

Naisenya aliinama kuangalia. "Ni yetu," alisema. "Lakini hiyo mstari ni mrefu. Hiyo ni ya kaka yangu mdogo, yule alipenda kujionyesha."

Ya tano hadi ya tisa zilipata wenyewe. Ya kumi ilikuwa ya polisi wa kupambana na wizi wa mifugo, jambo lililomfanya mzee acheke kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu cha mtu aliyekula vumbi miezi minane. Ya kumi na moja ilikuwa ya mtu ambaye mzee hakutaka kumtaja mbele ya chai.

"Na hii ya mwisho?" Celine aliuliza. Ilikuwa duara lenye pembe tatu ndani, na aliichora kwa hasira.

"Hiyo si ya mtu," mzee alisema. "Hiyo ni mbaya. Ng'ombe atakataa."

Celine aliweka kikombe chini. Alama kumi na mbili za kufikiri, na Kajiado nzima ilikuwa imeshafikiri kabla yake. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Alijua sasa kwamba hata akipata kitu kisicho na mwenyewe, hatakuwa na muda wa kukitia kwenye kurasa arobaini na tatu, na Nick atabonyeza, na miezi kumi itaenda kule vitu vya kompyuta huenda vikifutwa, mahali ambapo hakuna hata jivu.

Labda Naisenya aliiona sura yake, maana alimwambia mumewe, "Mwambie ile ya tisini na nne. Asifikiri unapenda tu hiyo chuma bure."

"Atajua ya nini?"

"Mwambie."

Mzee alimaliza chai yake kwanza. "Tisini na nne waliiba wangu saba," alisema. "Usiku mmoja. Tukafuata siku nane, mguu, mimi na ndugu yangu. Nyayo zikapotea kwa lami. Tukasema basi, wamekwisha. Siku ya tisa tunapita mnada mmoja huko mbele, nikaona paja. Sikuona ng'ombe, niliona paja. Nikamwambia askari, huyo, na huyo, na huyo. Yule mtu anaapa kwa Biblia ni wake, alizaliwa kwake. Nikasema sawa, tupige goti tuangalie. Chuma yangu iko hapo inasema jina langu."

"Hakuwa ameweka alama yake juu ya yako?" Celine aliuliza, zaidi kwa adabu.

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Alama gani? Mwizi hana chuma. Mtu akiwa na chuma, watu watajua pa kumtafuta. Mwizi anatembea na alama ya yule amemwibia. Ndiyo maana anakimbia."

Celine alikuwa amefungua mdomo kusema "oh", akausahau wazi.

"Rudia hiyo, mzee."

"Nirudie nini?"

"Nick, uko na karatasi? Nipe karatasi. Nipe hiyo hiyo." Alizigeuza zile alama kumi na mbili akakuta upande wa nyuma mtupu, akaanza kuchora juu ya goti, haraka, mistari ikimtangulia. "Mzee, lori si lao," alisema bila kuinua kichwa. "Lori ni la wizi. Wameliiba na ng'ombe wakiwa ndani. Alama iko kwa mlango kwa sababu lori liko na mwenyewe. Syombua amekuwa akifuata alama akidhani ni ya wezi, kumbe kila mahali alipita, alama ilikuwa inamwambia jina la mtu mwingine ameibiwa kama yeye."

Nje ng'ombe mmoja alikohoa.

"Kwa hivyo haifutwi?" Nick aliuliza polepole.

"Haifutwi hata moja. Nazirudisha na zile tatu nilisugua. Ukurasa wa arobaini na nne ndio unazigeuza zote."

Mzee Katoo alikuwa na uso wa mtu anayepimiwa nguo. "Na mwenyewe," alisema, "yuko wapi huyo mwenyewe wa lori?"

"Anakuja ukurasa huo huo, mzee. Anatoka Kilimanjaro."

"Kilimanjaro iko na nyasi, hiyo miaka yenu?"

"Hapana."

"Basi mmesema ukweli," mzee akasema, akaomba chai nyingine.

*

Jumatatu stima ilikuwepo hadi saa nane, na ukurasa wa arobaini na nne ulipanda saa tano na robo kwa dakika nne. Ndani yake Syombua, baada ya miezi kumi ya kufukuza, analifikia lori la wezi limeegeshwa kwenye mwezi mweupe, wezi wamelala. Anakunja mkono wa shati na kuufuta mlango masizi ili aione alama vizuri. Kwenye kisanduku cha chini kivuli kirefu kinaingia, cha mtu mrefu mwenye shuka, fimbo, na mtungi wa hewa. Roboti taniboi, ambaye huongea Kiswahili cha taarifa ya habari, anamwuliza, "Je, bwana, una stakabadhi za umiliki wa chombo hiki?" Mtu yule anaelekeza fimbo mlangoni. Anasema neno moja, lile lile: "Soma."

Saa sita mzee aliingia, na vumbi la mnada hadi kwenye nyusi. Alisimama mbele ya ukuta. Ukurasa mpya ulikuwa umebandikwa mwisho wa mstari, na zote arobaini na tatu zilikuwa mahali pake, zimebeba chuma chake. Nick alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya kwanza, blogu imefunguliwa, mkono kwenye kipanya, tayari kwa lolote.

Mzee aliuinamia ukurasa mpya.

"Huyu mzee ana masikio makubwa."

"Ni mtungi, mzee. Wa hewa."

"Hata mimi nilisema ni mtungi." Akasogea karibu zaidi. "Shemeji wa Magadi ataona hii leo?"

"Ameshaona," Nick alisema. "Ameandika hapa chini. Anauliza wewe unaenda huko juu lini, na kama kuna nafasi kwa lori."

"Mwambie imejaa." Lakini mzee hakuondoka. Aligonga mbao za lori kwa kucha, pale kwenye karatasi, kama anayesikiliza kama kuna kitu ndani. "Hapa ndani iko ng'ombe ngapi?"

Celine alikuwa amelichora lori lile la wezi mara arobaini na nne na turubai lake limefungwa. Ng'ombe wakichorwa wengi wanaongeza uzito wa picha, na alikuwa amekwepa. "Sijaamua bado, mzee."

Mzee alivuta kiti cha mteja akaketi, fimbo katikati ya magoti.

"Hamsini na nne," alisema.

Celine alifahamu hesabu hiyo bila kuelezwa: themanini kutoa ishirini na sita. Alichukua karatasi iliyoharibika, akaigeuza upande mweupe, akatoa kifuniko cha kalamu.

"Wa kwanza yuko namna gani?"

"Mweusi, tumbo jeupe. Mzee kidogo. Alikuwa anatangulia wengine kwa maji, hata ukimpiga."

Akachora. Mzee alielekeza nundu, akaelekeza mkia, akanyamaza pale palipokuwa sawa. Wa pili alikuwa wa kahawia, mpole. Wa tatu alikuwa mkorofi, na mzee alimsifu kuliko wote. Stima ilipokatika saa nane wateja walitoka wakilalamika, na wao watatu wakahamisha viti mlangoni kwenye mwanga. Walikuwa wamefika kwenye wa tisa.

"Hapana," mzee alisema. "Huyo pembe ya kushoto ilikuwa inaangalia chini. Wewe umeiangaliza juu. Futa."

"Mzee, hii ni biki. Haifutiki."

Mzee aliinama akamchunguza ng'ombe yule aliyekosewa, pembe zote mbili juu, macho mapana. Celine alikuwa tayari kuchora mwingine pembeni.

"Basi si yeye," mzee akasema mwishowe. "Huyo ni mtoto wake. Amezaliwa huko huko juu. Mwache."

"Kama amezaliwa huko, hajachomwa alama," alisema Celine.

Nick, ambaye tangu asubuhi alikuwa amefungua mdomo mara tatu tu, alinyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Celine alimpa. Nick aliweka karatasi gotini, akapiga kwenye paja la ndama yule mwezi uliopinduliwa, akaukata kwa mstari. Kisha akasimama na kalamu hewani.

"Nukta iko upande gani?" baba yake aliuliza, akiangalia barabarani kana kwamba jibu halimhusu.

"Nyuma," Nick alisema, akaiweka.

Mzee alirudisha macho kwenye karatasi, akaangalia, akapitisha kidole juu ya wino kuona kama umekauka.

"Wa kumi," alisema, "alikuwa na madoa."